Nataka wanagenzi wa usalama kwenye kinu changu cha mbao, shemeji hataki

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 41, nina kinu cha mbao nje kidogo ya mji wa Mafinga. Kilianzishwa na marehemu mume wangu. Tangu alipofariki, miaka minne iliyopita, nakiendesha mimi nikisaidiana na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Tuna dingdong mbili, zile mashine za kupasulia mbao zinazohamishika, zinazofuata magogo shambani, na hapa uwanjani tuna msumeno wa mezani wa kupasulia mbao ndogo pamoja na mashine ya randa. Watu wote kwa jumla ni 23, wengine wa kudumu, wengine vibarua.

Machi mwaka huu kijana wa miaka 19 alikatwa vidole viwili na ule msumeno wa mezani. Kazi yake ilikuwa kuzoa maranda na kupanga mbao. Kipande kilikwama, mzee anayeendesha mashine alikuwa amegeuka kuchukua mbao nyingine, kijana akaona asaidie, akakisukuma kwa mkono. Mimi nilikuwa ofisini. Nilisikia mlio wa msumeno umebadilika, halafu yowe. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki, vidole tumevifunga kwenye khanga yangu. Havikuunganishwa.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nililipa matibabu yote na nikampa mjomba wake laki tatu. Wenzake wanasema alijitakia, kwani hakutumwa kugusa mashine. Alikuwa kibarua, hana mkataba.

Kinga ya msumeno ipo, imetundikwa ukutani. Mzee wetu ana miaka 58, anaijua mbao kuliko sisi sote, lakini anasema kinga inamchelewesha. Tunawalipa kwa ubao, kwa hiyo siwezi kumlaumu sana.

Nimewaza kuchukua vijana wawili kama wanagenzi, ila wao wasijifunze kupasua mbao tu, wajifunze usalama na afya kazini, kwa mwaka mmoja au miwili, wapate cheti, kisha mmoja nimwajiri. Shemeji amepinga. Anasema ni kulipa watu wa kutuangalia tukifanya kazi, na kwamba hakuna kijana atakayemwambia mzee wa miaka 58 azime mashine. Wafanyakazi nao wameanza kusema naleta wambea.

Mwalimu, nianzie wapi? Nichukue waliomaliza chuo au mtu wa humu ndani? Niwalipe au wao ndio wanilipe kama ilivyo gereji? Na mwanagenzi akiumia mikononi mwangu, itakuwaje?

Mama wa mbao, Mafinga

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba binti yangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pamoja: pale uliposikia mlio wa msumeno umebadilika kabla ya yowe. Wewe hukusomea usalama, ulikuwa ofisini, na bado sikio lako lilijua kuna jambo. Sikio hilo ndilo kitu cha kwanza mwanagenzi wako anatakiwa kulipata, na halipatikani darasani. Hapo uwanjani kwako aliye nalo kuliko wote ni yule mzee mnayedhani ndiye kikwazo. Nitamrudia.

Kwanza tumalize habari ya kijana, maana naona imepita haraka kwenye barua yako.

Laki tatu kwa mjomba si fidia. Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kidole kilichokatika kina hesabu yake: daktari anapima kiasi cha ulemavu wa kudumu, na malipo yanafuata kipimo hicho. Madai yanatakiwa kufika ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Kama ulikuwa unachangia, toa taarifa wiki hii, uambatanishe karatasi za hospitali. Kama hukuwa umesajili kinu, nenda ukasajili na uieleze ajali yenyewe bila kuficha. Deni la kutomwandikisha kijana ni lako, lisigeuke hasara yake. Ajali hiyo ilitakiwa pia kufika kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ambao Nyanda za Juu Kusini ofisi yao ya kanda iko Mbeya. Najua watu wanaogopa kuwaita wakaguzi. Waite. Huwezi kufungua darasa la usalama juu ya ajali iliyofukiwa, kwa sababu wanafunzi wako wataijua siku ya kwanza, wataisikia kwa wapakiaji.

Na hao wanaosema alijitakia, nawaelewa, maana tumelelewa na msemo kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini tazama ulichoandika wewe mwenyewe. Kinga iko ukutani. Mwendesha mashine amegeuka huku msumeno unazunguka. Kijana hajawahi kuonyeshwa kipande kilichokwama kinatolewaje. Mwiba huo haukuokotwa na yeye, alikuta umesimikwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe umelitaja kwa sentensi moja, nami ningeliweka mbele ya yote: mnalipa kwa ubao. Binti yangu, mtu anayelipwa kwa ubao kila sekunde ina bei. Kushusha kinga ni hela, kuzima mashine ili kutoa kipande ni hela, kungoja meno yasimame kabisa baada ya kuzima ni hela zaidi. Ukimleta mwanagenzi amwambie mzee huyo "zima", unamtuma kijana akamnyang'anye mzee chakula cha wajukuu wake. Hapo shemeji yako yuko sahihi, hatasikilizwa, wala mimi nisingemsikiliza. Kwa hiyo kabla ya wanagenzi, badilisha malipo. Weka ujira wa siku ambao mtu anaupata hata mashine ikisimama, juu yake weka nyongeza ndogo ya timu nzima kwa mbao zilizotoka salama na kwa vipimo sahihi. Saa ambayo mashine imezimwa kwa sababu ya usalama ihesabiwe kuwa saa ya kazi. Hili litakugharimu, sikufichi. Ila ukiliacha, fedha yote utakayotumia kwa wanagenzi itapotea.

Pili, ile meza yenyewe irekebishwe kabla ya mwanafunzi kuisogelea. Kinga irudi mahali pake. Nyuma ya msumeno pawe na kile kisu cha chuma kinachozuia mbao isibane meno ikarushwa kifuani kwa mtu. Kikae karibu na meno, nafasi kati yao isizidi milimita 8 kwenye usawa wa meza, na kiwe kinene kuliko bapa la msumeno lakini chembamba kuliko njia inayokatwa. Inawezekana mzee anaichukia kinga kwa sababu ilifungwa ovyo na inagonga mbao. Muulize, kisha mwite fundi wa kuchomelea aifunge upya mzee akiwa amesimama hapo hapo anaelekeza. Pawe na kijiti cha kusukumia, na sentimita 30 za mwisho za kila ubao zisukumwe kwa kijiti, si kwa kiganja. Na tafadhali usikimbilie kununua glavu. Kwenye msumeno unaozunguka glavu hushikwa na meno ikavuta mkono mzima. Kadhalika khanga, mikono mirefu ya shati na kamba za koti.

Ukishafika hapo, ndipo tuzungumze nani awe mwanagenzi.

Chukua mmoja wa chuo na mmoja wa humo ndani. Wa chuo utampata chuo cha ufundi cha VETA Iringa, au kwenye kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao hapo hapo Mafinga, ambao wanaijua kazi yako kuliko mwalimu yeyote wa mjini. Wa ndani, ningeanza kwa kumuuliza yule kijana wa Machi. Si kwa kumwonea huruma, wala si ili asimame mbele ya wageni kama picha ya onyo. Muulize kwa sababu anajua kitu ambacho wengine 22 hawakijui: mawazo gani yalimpitia ile nusu dakika kabla ya kunyoosha mkono. Akikataa, mwache, huenda hataki kusikia mlio ule tena maishani. Nafasi ya uanagenzi pia isiwe badala ya fidia. Vitu hivi viwili visikutane mezani siku moja. Na wote wawe wametimiza miaka 18, maana sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 haimruhusu mtoto kufanya kazi ya hatari, na kinu cha mbao ni kazi ya hatari.

Usiwatoze hela. Gereji nyingi kijana humlipa fundi ili afundishwe, na wazee wetu wa pwani walikuwa na kilemba, zawadi ambayo mwanagenzi alimpa fundi wake siku ya kuhitimu. Kilemba kilikuwa heshima na kilikuja mwisho. Kumtoza mtu mwanzoni kunamfunga mdomo: aliyelipa ili awepo hawezi kukwambia mashine yako ni mbovu. Wewe ndiye ulipe posho ya kila mwezi, iandikwe kwenye mkataba pamoja na saa za kazi, likizo, siku za darasani, jina la fundi anayemfundisha na muda wenyewe. Mwongozo wa taifa wa uanagenzi ulitolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2017, uombe, utakusaidia kuandika. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Pendekezo Na. 208 mwezi Juni 2023 juu ya uanagenzi bora, na mambo linayoyasisitiza ni hayo hayo: makubaliano ya maandishi, malipo, kulindwa kazini, fidia ya kuumia. Mwanagenzi mwenye mkataba sheria ya fidia inamtambua kama mfanyakazi, kwa hiyo jina lake liingie kwenye michango ya mfuko mwezi ule ule anaoanza. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho.

Kwa mafunzo ya darasani, OSHA wana kozi zao, ikiwemo ya cheti cha taifa cha usalama na afya na ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu nao wanafundisha huduma ya kwanza. Msiwapeleke mwezi wa kwanza. Wapeleke wakishakuwa na maswali.

Sasa mzee. Umeandika kana kwamba wanagenzi watakuwa juu yake, kumsimamia. Geuza. Waweke chini yake. Mwite faraghani, umwambie kwamba unamwomba awe fundi mlezi wao, na kwamba kazi hiyo ina malipo yake kwa mwezi. Atakapoanza kumfundisha kijana jinsi ya kukaa mbali na mstari wa mbao inayoweza kurushwa, atalazimika yeye mwenyewe kukaa hapo. Niliwahi kumwona fundi wa aina hiyo. Miaka ya sabini nilijifunza ufundi wa mitambo kwenye shamba la katani mkoani Tanga, na pale kulikuwa na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Korona ilikuwa inakula mikono. Fundi wangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kabla ya kuigusa korona kwa spana alikuwa anakwenda kwenye boksi la umeme, anachomoa fyuzi, anaitia mfukoni mwa suruali, anafunga kifungo cha mfuko. Halafu ndiyo anarudi. Akienda chooni alikwenda nayo. Siku hizi watu hutumia kufuli na kibandiko chenye jina kwenye swichi kuu, na wewe ununue, kila mwanagenzi apewe kufuli lake na ufunguo mmoja tu. Lakini mimi kila nikiona kufuli hizo nauona mfuko ule.

Miezi mitatu ya kwanza vijana wasimkosoe mtu. Wafuate ubao kuanzia gogo linaposhuka hadi unapopakiwa, wafanye kila kazi wakiwa na mlezi, na kila asubuhi kabla ya umeme kuwashwa wakague msumeno pamoja na mzee: kinga, kisu, mkanda, kitufe chekundu cha kuzimia, meno yaliyopasuka. Kisha wapewe daftari la chupuchupu. Unajua watu wa kazi husema "ilikuwa chupuchupu" halafu wanacheka na kuendelea. Basi chupuchupu zote ziandikwe: gogo lililobingirika, mkanda uliochomoka, mtu aliyeteleza kwenye maranda karibu na meza. Iandikwe saa, mahali, mashine, na jambo lililofanya litokee. Jina la mtu lisiandikwe kamwe. Kwa njia hiyo utaua neno umbea. Na wewe kila Jumamosi soma daftari hilo mbele ya watu wote, chagua moja, lirekebishe kabla ya Jumatano. Wakiona mambo waliyoyasema yanarekebishwa wataandika zaidi. Wakiona daftari limejaa na hakuna kilichobadilika, watalifunga, nawe utabaki na vijana wawili wenye kalamu.

Ajali za vidole zinaonekana. Wanagenzi wafundishwe pia yale yasiyotoa damu. Vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani, hasa ya pua. Kufagia maranda makavu kwa ufagio na kupuliza nguo kwa mashine ya upepo vikome. Yanyunyiziwe maji kwanza. Kelele wazipime hata kabla ya kuwa na kipimo: kama watu wawili wakisimama umbali wa mkono ulionyooshwa wanalazimika kupaza sauti, masikio yako hatarini, mtafute kipimo na vizibo. Na kwa kuwa uko Mafinga, jambo moja la nyongeza: vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa visichomwe jikoni na akina mama wanaokuja kuokota kuni uwanjani. Nyingi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake ni sumu. Mpe mwanagenzi kazi ya kuongea na akina mama hao, atajifunza mengi kuhusu kueleza hatari kwa mtu asiye chini ya amri yake.

Baada ya miezi sita wape uwezo wa kusimamisha kazi. Uandike kwa mkono wako, utie sahihi, ubandikwe karibu na swichi kuu: mwanagenzi akisema zima, mashine inazimwa kwanza, mazungumzo baadaye, na hakuna anayekatwa malipo. Halafu upe uwezo huo huo kila mfanyakazi, hata kibarua wa siku moja. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi wa mwaka 1981 unamlinda mtu anayejiondoa kwenye hatari kubwa na ya karibu, si wewe uliyeubuni. Siku ya kwanza mtu akizima kumbe hapakuwa na hatari, mshukuru mbele ya wenzake. Ukimkaripia siku hiyo, hakuna atakayezima tena.

Jambo moja nikuonye. Usimfanye mwanagenzi awe ndiye mwenye usalama wa kinu. Sheria ya usalama ya mwaka 2003 imeliweka jukumu kwako wewe mwajiri, kuanzia kusajili mahali pa kazi hadi kupima afya za watu, na mahali penye wafanyakazi zaidi ya wanne inataka pia mwakilishi wa usalama aliyeteuliwa kwa maandishi. Mwanagenzi anajifunza, haweki sahihi ya ukaguzi peke yake, wala siku ya ajali asiulizwe yeye alikuwa wapi. Nimeona sehemu kijana wa usalama anaajiriwa ili lawama iwe na mahali pa kukaa. Naomba kwako isiwe hivyo.

Shemeji usimshinde kwa maneno. Kaa naye na daftari la mahesabu la mwezi Machi: siku mashine ilipokaa bila kazi, hela ya hospitali, oda mlizochelewesha, wapakiaji walioondoka. Tena msikilize, kwa sababu lile la mzee wa miaka 58 alilisema kweli, na ndilo lililonifanya nikwambie uanze na malipo kabla ya vijana. Mwambie hivyo, kwamba hoja yake imebadilisha mpango. Halafu mwombe yeye ndiye aende Mbeya kwa OSHA.

Wewe nenda kwa yule kijana. Nenda na fomu za madai na karatasi za hospitali, habari ya uanagenzi uiache kwa safari nyingine. Nawe uniandikie amekupokeaje.

Mwalimu